Nani Alisemea Vijana? Historia ya Mwitiko wa Wasomaji wa The Catcher in the Rye, 1951–2010

Mwaka 1960 mwalimu mmoja wa shule ya sekondari mjini Tulsa, katika jimbo la Oklahoma nchini Marekani, alifukuzwa kazi kwa sababu aliwapa wanafunzi wake riwaya ya The Catcher in the Rye waisome. Alikata rufaa akarudishwa kazini, lakini kitabu chenyewe kiliondolewa shuleni. Mwezi Novemba mwaka huohuo, jarida la Inostrannaya Literatura la Moscow lilichapisha tafsiri ya Kirusi ya riwaya hiyohiyo. Nchi iliyojivunia uhuru wa kusema ilikitoa kitabu darasani, na nchi ambayo kila chapisho lilipita kwanza mikononi mwa wakaguzi wa serikali ikakitoa kwa wasomaji wake.

Tukitazama haraka, tunaweza kusema kwamba watu wa Tulsa hawakukielewa kitabu na wale wa Moscow walikielewa, au kinyume chake. Insha hii haifuati njia hiyo. Hoja yangu ni kwamba kwa karibu miaka 60, ubishi juu ya riwaya hii ulikuwa zaidi ubishi wa watu wazima kuhusu vijana: nani ana haki ya kuwalinda, kuwafundisha na kuwasemea. Hati tulizonazo, yaani tahakiki za magazeti, maamuzi ya bodi za shule, makala za wasomi na kumbukumbu za mahakama, karibu zote ziliandikwa na watu wazima. Kijana mwenyewe, ambaye kitabu kilisemekana kinamhusu, ndiye asiyesikika sana. Mwanahistoria wa usomaji anapaswa kulijua pengo hilo kabla ya kudai kwamba anajua "wasomaji" waliitikia vipi.

Riwaya na wakati wake

J. D. Salinger alizaliwa New York tarehe 1 Januari 1919. Mhusika wake mkuu, Holden Caulfield, alianza maisha katika hadithi fupi kabla ya kuingia katika riwaya. Mwaka 1941 jarida la The New Yorker lilikubali hadithi moja inayomhusu, lakini Japani iliposhambulia Pearl Harbor mwezi Desemba mwaka huo, hadithi hiyo iliwekwa kando na haikutoka hadi mwaka 1946. Katikati ya miaka hiyo Salinger alikuwa vitani. Alitua Normandy tarehe 6 Juni 1944, akaendelea na jeshi hadi Ujerumani, na mwaka 1945 alilazwa hospitalini Nuremberg kwa sababu akili yake ilikuwa imechoshwa na vita. Jambo hili lina uzito katika mada yetu. Sauti ya kijana anayelalamika kurasa zote iliandikwa na mtu mzima aliyekwisha kuona maiti wengi. Tangu mwanzo kabisa, kijana huyu alisemewa.

Kisa chenyewe si kirefu. Holden, mwenye umri wa miaka 16, amefukuzwa katika shule ya bweni iitwayo Pencey, jimbo la Pennsylvania, kwa kufeli masomo. Badala ya kungoja siku ya kurudi nyumbani, anatoroka kwenda New York na kutangatanga mjini siku chache kabla ya Krismasi. Mdogo wake, Allie, alikufa kwa saratani ya damu, na msiba huo haujamtoka. Karibu kila mtu mzima anayekutana naye anamwona mnafiki. Anapoulizwa na mdogo wake wa kike, Phoebe, anataka kuwa nani maishani, anajibu kwamba anawaza watoto wengi wakicheza katika shamba la rai, nafaka ya jamii ya ngano, karibu na poromoko. Yeye amesimama ukingoni, na kazi yake ni kuwadaka wasianguke. Jina la riwaya linatokana na picha hiyo ya mdakaji, na picha yenyewe inatokana na shairi la Robert Burns ambalo Holden amelikumbuka vibaya.

Riwaya ilitoka tarehe 16 Julai 1951. Marekani ya wakati huo ilikuwa na mali nyingi kuliko kabla ya vita, na vijana wengi zaidi walibaki shuleni badala ya kwenda kazini mapema. Ndipo watu wakaanza kuwaona vijana wa umri wa Holden kama rika lenye muziki wake, mavazi yake na fedha zake za matumizi. Pamoja na hayo ilikuja hofu. Mwaka 1954 kamati ndogo ya Baraza la Seneti iliyokuwa ikichunguza uhalifu wa vijana ilifanya vikao kuhusu vitabu vya katuni, ili kujua kama vinawaharibu watoto. Hiyo ndiyo hewa ambayo riwaya hii iliivuta katika miaka yake ya kwanza.

Wahakiki wa mwanzo

Riwaya ilichapishwa na kampuni ya Little, Brown, na klabu ya vitabu ya Book-of-the-Month Club iliichagua kwa wanachama wake. Ilikaa takriban wiki 30 katika orodha ya The New York Times ya vitabu vinavyouzwa sana. Gazeti hilohilo liliisifu, na katika tahakiki nyingine mwandishi wake aliiga lafudhi na malalamiko ya Holden kwa mzaha. Gazeti la The Christian Science Monitor halikucheka. Mhakiki wake, T. Morris Longstreth, aliona kwamba kitabu hakifai kusomwa na watoto, na alihofia kwamba vijana wa aina ya Holden wataongezeka kwa kukisoma. Jarida la The Catholic World nalo lililalamikia matusi yake.

Tuangalie walichokuwa wakibishania. Mwaka 1951 kitabu hiki kiliuzwa kama riwaya ya watu wazima. Wanachama wa klabu ya vitabu walikuwa watu wazima waliolipa kwa fedha zao. Hata hivyo mhakiki aliyekichukia alimfikiria mtoto ambaye huenda hakuwa amekigusa. Msomaji kijana alijengwa kwanza akilini mwa mtu mzima, na akapatikana katika uhalisi baadaye, hasa baada ya toleo la bei nafuu la jalada jepesi kutoka mwaka 1953. Hilo ndilo toleo ambalo mwanafunzi angeweza kulinunua mwenyewe na kulificha ndani ya daftari.

Wasomi wa vyuo vikuu walifuata. Mwaka 1956 Arthur Heiserman na James E. Miller waliandika makala iliyomweka Holden katika ukoo wa mashujaa wasafiri wa fasihi ya kale na kumlinganisha na Huckleberry Finn wa Mark Twain. Kufikia mwaka 1959 makala juu ya Salinger zilikuwa nyingi kiasi kwamba George Steiner aliziita kiwanda. Kisha mwaka 1976 Carol na Richard Ohmann wakawageukia wahakiki wenyewe. Walidai kwamba kwa miaka 25 wahakiki walikuwa wameligeuza tatizo la kitabu kuwa uchungu wa kawaida wa kukua, ambao kila kijana wa kila nchi anaupitia. Kwa kufanya hivyo walikwepa alichokuwa akikilalamikia Holden hasa: shule za matajiri, fedha, na watu wanaopima utu kwa tabaka. Ukikubali kwamba ukengeushi wa Holden ni ugonjwa wa umri, dawa yake ni kungoja akue. Ukikubali kwamba unatokana na jamii, basi jamii ndiyo inayopaswa kujibu.

Miller aliwajibu, na ubishi ukaendelea. Kwa upande wangu naona hoja ya akina Ohmann ina nguvu, ingawa ina upungufu mmoja. Wao pia waliwasoma wahakiki tu. Hawakuwauliza wanafunzi waliokuwa wamekaa mbele yao darasani kama waliona tabaka, au waliona kifo cha Allie, au waliona kijana mwenzao tu.

Shule, wazazi na bodi

Kwa miongo miwili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, The Catcher in the Rye ilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyopigwa marufuku zaidi katika shule na maktaba za Marekani. Wakati huohuo ilikuwa miongoni mwa riwaya zilizofundishwa zaidi katika shule za umma. Mambo haya mawili hayapingani. Kitabu kisichofundishwa hakimsumbui mzazi. Kila mwalimu aliyekiingiza darasani alikuwa akikiweka mahali ambapo kingeweza kushitakiwa.

Kesi inayokumbukwa sana ni ya Issaquah, jimbo la Washington, mwaka 1978. Mpinzani mmoja wa kitabu alihesabu maneno machafu yaliyomo na kufikia 785, na ikadaiwa kwamba kitabu ni sehemu ya njama za Kikomunisti. Kikaondolewa katika orodha ya usomaji wa shule. Tukumbuke kwamba miaka 18 kabla ya hapo Moscow ilikuwa imekichapisha. Mzazi wa Issaquah hakuhitaji kujua hilo. Kwake Ukomunisti ulikuwa jina la jumla la kila kinachomfanya mtoto amtilie shaka mzazi wake.

Kuhesabu maneno ni njia ya kusoma pia, lakini ni njia inayopitwa na jambo muhimu. Karibu na mwisho wa riwaya, Holden anakwenda katika shule ya Phoebe na kuona tusi limeandikwa ukutani. Anakasirika sana, kwa sababu anawafikiria watoto wadogo watakaoliona na kutaka kujua maana yake. Analifuta kwa mkono. Mbele kidogo anakuta lingine limechongwa kwa kisu, na hilo halifutiki. Ukurasa huo ni miongoni mwa zilizowaudhi wapinzani. Waliotaka kukifuta kitabu kwa sababu ya tusi hilo walikuwa wakifanya kazi ileile ya Holden, kwa nia ileile. Bila kujua, walikuwa wasomaji wanaofanana naye kuliko wengi waliokitetea.

Waliokitetea nao hawakuwa tofauti sana kwa jambo moja. Walimu walisema kitabu kinawasaidia vijana kujielewa; wazazi walisema kinawaharibu. Pande zote mbili zilijua kitabu kinawafanyia nini vijana, na mara nyingi vijana hawakuwa mezani. Chama cha wakutubi cha Marekani kilipoorodhesha vitabu vilivyolalamikiwa zaidi katika miaka ya 1990, The Catcher in the Rye kilikuwa cha 10. Orodha kama hiyo inatuambia walalamikaji walikuwa wangapi. Haituambii aliyekisoma usiku chini ya blanketi alihisi nini.

Upande wa pili wa Vita Baridi

Turudi Moscow. Tafsiri ya Kirusi ilifanywa na Rita Rait-Kovaleva. Stalin alikuwa amekufa mwaka 1953, na chini ya Khrushchev milango ya fasihi ya kigeni ilikuwa imefunguliwa kidogo. Ili kipite mlangoni, kitabu kilihitaji sababu, na sababu ilikuwepo: kijana wa Kimarekani anayeteswa na unafiki wa matajiri ni ushahidi mzuri dhidi ya ubepari. Mfasiri alilainisha matusi na lugha ya mitaani. Jina nalo likabadilika, likawa na maana ya kuwa juu ya poromoko, katika rai. Katika jina la Kiingereza tunamwona anayedaka. Katika jina la Kirusi tunaona shimo.

Kitabu kilipendwa sana na vijana wa Kisovieti, lakini si kwa sababu iliyotarajiwa. Wengi hawakusoma habari za unafiki wa Wamarekani. Walisoma habari za watu wazima wanaosema wasichokiamini, na watu wa namna hiyo walikuwa nao nyumbani, shuleni na katika mikutano ya chama. Dola iliwapa kioo ikidhani imewapa dirisha. Tunaona hapa jambo ambalo kesi za Marekani zinalificha: kijana anaweza kukipokea kitabu kutoka mkononi mwa mtu mzima na bado akakisoma kwa njia ambayo mtu mzima hakumpangia. Mlinzi wa mlango anaamua kitabu gani kiingie. Haamui kitasomwaje.

Desemba 1980

Tarehe 8 Desemba 1980, Mark David Chapman alimpiga risasi na kumuua mwanamuziki John Lennon nje ya jengo la Dakota, New York. Hakukimbia. Polisi walimkuta na nakala ya riwaya, ambayo ndani yake alikuwa ameandika kwamba hayo ndiyo maelezo yake, na kutia sahihi kwa jina la Holden Caulfield. Mahakamani mwaka 1981, siku ya kuhukumiwa, alisoma kifungu cha mdakaji. Tarehe 30 Machi mwaka huohuo John Hinckley alimpiga risasi Rais Ronald Reagan, na nakala ya kitabu hichohicho ikapatikana katika chumba chake cha hoteli.

Tangu hapo kitabu kikapata sifa ya kutisha. Lakini mwanahistoria anapaswa kupima ushahidi kwa kipimo kimoja. Zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 65 duniani. Wasomaji wawili wenye matatizo makubwa ya akili hawawezi kuwa mfano wa wasomaji wote, hasa kitabu kilipokuwa kikifundishwa katika shule nyingi kiasi kwamba kukikuta chumbani mwa kijana wa Marekani halikuwa jambo la ajabu. Chapman tena hakuwa kijana wa shule. Alikuwa na miaka 25. Hata hivyo ni yeye, kuliko msomaji mwingine yeyote, ambaye maneno yake juu ya kitabu yalihifadhiwa na mahakama na kusambazwa na magazeti. Kumbukumbu rasmi humpenda msomaji aliyevunja sheria. Aliyesoma, akalia kidogo, akarudisha kitabu maktaba, hana jalada.

Sauti ya vijana wenyewe

Je, tunaweza kuwasikia? Kwa shida, na mfano wa kwanza unaonyesha sababu yake. Salinger alihamia Cornish, jimbo la New Hampshire, mwaka 1953, na mwanzoni aliwakaribisha nyumbani kwake wanafunzi wa sekondari wa eneo hilo. Mmoja wao alimhoji kwa ajili ya ukurasa wa wanafunzi katika gazeti la mji jirani wa Claremont. Mahojiano yalipotoka mwezi Novemba, hayakuwa katika ukurasa wa wanafunzi. Wahariri walikuwa wameyahamishia katika ukurasa wa maoni. Salinger alihisi amesalitiwa, akawafungia mlango wanafunzi hao, na polepole akajitenga na umma hadi kifo chake tarehe 27 Januari 2010. Watu wazima waliichukua kazi ya mwanafunzi wakaifanya yao, na mazungumzo kati ya mwandishi na wasomaji wake vijana yakakatika.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2009. The New York Times liliandika kwamba walimu wanaona wanafunzi wa siku hizi hawampendi Holden kama zamani. Wengi wanamwona mtoto wa tajiri anayelalamika bure. Baadhi ya watu wazima walisikitika, kana kwamba vijana wamepoteza kitu. Mimi nauona mwitiko huu kuwa wa thamani kubwa. Wazazi na walimu waliokuwa vijana katika miaka ya 1960 walikuwa wameshamfanya Holden kuwa msemaji rasmi wa ujana. Mwanafunzi wa mwaka 2009 alipomkataa, alikuwa akikataa kusemewa, na kwa kitendo hicho alikuwa karibu na Holden kuliko angekubali. Tena swali lake, kwamba mwenye fedha za hoteli na teksi analalamikia nini, linafanana na lile la akina Ohmann la mwaka 1976, ingawa wao walilielekeza kwa wahakiki.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba mwitiko kwa The Catcher in the Rye ulibadilika kufuatana na nani aliyekuwa mlangoni: mhakiki mwaka 1951, bodi ya shule katika miaka ya 1960 na 1970, dola ya Kisovieti mwaka 1960, mahakama mwaka 1981. Kila mmoja alisimama ukingoni mwa poromoko kuwadaka watoto. Kwa hiyo hatuwezi kuandika kwamba "vijana walikipenda" au "kiliwaharibu vijana" kwa kutegemea hati hizo peke yake.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaifahamu hali hii hata bila kwenda Marekani. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kabla ya kuja kuruhusiwa. Sisemi kwamba riwaya moja iliathiri nyingine. Ninachosema ni kwamba katika Rosa Mistika ukali wa baba anayemlinda binti yake ni sehemu ya kinachomwangusha, na bado kitabu kikaondolewa kwa jina la ulinzi. Wengi wetu tutakuwa walimu, na siku moja mzazi ataingia ofisini na kitabu mkononi, kidole chake kikiwa kwenye ukurasa fulani.

Siku hiyo itafaa kukumbuka mahali riwaya ya Salinger inapoishia. Phoebe amepanda farasi wa mbao kwenye bembea inayozunguka, na pamoja na watoto wenzake anajinyoosha kushika pete ya dhahabu. Holden anaogopa ataanguka. Anataka kusema neno, halafu ananyamaza, kwa sababu ameelewa kwamba watoto wakitaka kujinyoosha lazima waachwe, na wakianguka, wameanguka. Mdakaji ameacha kudaka. Wengi waliopigania au kukipinga kitabu kwa miaka 60 walibaki katika ndoto ya shambani, na hawakufika naye kwenye bembea.